Pointi za Simuni, Daraja la Mezani

Plasta ya meno hukauka kwa dakika kumi. Ukishaimimina kwenye chapa ya taya ya mgonjwa, huna la kufanya ila kungoja. Ukiigusa mapema inameguka, na ukiisahau inang'ang'ania hadi uitoe kwa nyundo. Fundi meno alikuwa amengoja hivyo kwa miaka kumi na mmoja katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Chumba kilikuwa na feni moja, bomba moja linalovuja, na rafu zilizojaa mataya meupe yenye namba za penseli. Miaka saba ya mwanzo alingoja kwa kusoma vitabu. Minne iliyofuata alingoja kwa kucheza sataranji kwenye simu, kwa kuwa mchezo mmoja wa mtandaoni nao ni wa dakika kumi. Plasta inapokuwa tayari, mtu mmoja huko duniani keshafungwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mfupi, asiyependa kukaa viti vya mbele. Wagonjwa hawakumjua sura. Walijua meno yake tu, maana waliondoka nayo mdomoni.

Mumewe alikuwa mpima barabara. Huyu aliondoka na hema na vyuma vyake vya kupimia, akarudi baada ya wiki tatu mweusi kwa jua, akalala siku mbili, akaondoka tena. Ndiye aliyeifungua akaunti ile ya sataranji na kumfundisha mkewe sheria kwa jioni mbili, kisha kila mmoja akawa anaichezea kwenye simu yake. Mke alicheza mchana, plasta ikikauka. Mume alicheza jioni, kambini, akishakula. Hawakuona kosa lolote. Nyumba ilikuwa na birika moja, taulo moja zuri la kuogea, na jina moja la sataranji. Namba iliyokuwa pembeni ya jina hilo ilipanda ikashuka, ikashuka ikapanda. Ikipanda, kila mmoja alisema ni yeye. Ikishuka, kila mmoja alimpigia mwenzake simu kumuuliza alikuwa anafikiria nini.

Hofu ilianza Jumapili moja mchana, mezani kwa mama mkwe.

Walikuwa wamemaliza kula. Shemeji yake, mdogo wake mume, mwalimu wa hesabu, alikuwa anakusanya sahani akaiona simu imewaka kando ya jagi la maji. Akaziweka sahani chini polepole.

"Shemeji, hii namba ya nani?"

"Ipi?"

"Hii hapa. Elfu moja mia tisa kumi na mbili."

"Kama ni presha," alisema mama mkwe akitafuta miwani, "huyo mtu tumzike."

"Ni sataranji, mama. Mimi mwenyewe nina elfu moja mia sita hamsini, na nimeanza kucheza kabla sauti yangu haijawa nzito." Akamgeukia mke wa kaka yake. Katika miaka tisa ya ushemeji walikuwa wamesalimiana, wakaulizana hali ya hewa, wakapeana chumvi. Sasa alimtazama kana kwamba amevua kofia ndipo akaona nywele. "Ni yako?"

Jibu la kweli lilikuwa refu. Lilimhitaji mumewe, na mumewe alimwambia ndugu yake zamani kwamba sataranji ameiacha kabisa, kwa sababu moja ndogo: hakutaka kuburutwa klabuni siku zake chache za nyumbani. Jibu la kweli lingemfanya mume aonekane mwongo mbele ya mama yake. Na ukweli mwingine, ambao Fundi hakuupenda, ni kwamba kutazamwa vile kulimpendeza.

"Yangu," akasema.

Shemeji alivuta kiti akaketi. Alikuwa nahodha wa klabu ya watu sita, na yule wa sita, mfamasia, alikuwa amehamishwa kikazi mwezi uliopita. Klabu ilikuwa mkiani mwa ligi. Jumamosi walikuwa na mechi, na wakienda watano wangepoteza meza moja kabla hata ya kuketi.

"Shemeji," alisema, "usiniambie Jumamosi una kazi."

Hakumwambia. Hakuwa nayo.

Klabu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukipanda ngazi ulinusa rangi na saruji. Jumanne jioni Fundi aliwakuta watatu tu: shemeji, kinyozi mmoja mwenye mikono mirefu, na mzee mmoja mstaafu aliyetengeneza saa maisha yake yote, wao wakimwita Mzee Saa. Wengine wawili walikuwa kazini.

Shemeji alikuwa na daftari la miraba. Kila mwanaklabu alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu mbili: Simuni na Mezani. Safu ya kwanza ilikuwa pointi ambazo mtu amezipata mtandaoni. Ya pili ilikuwa daraja, lile linalotolewa na kamati ya ligi baada ya mtu kucheza kwenye ubao, mbele ya mtu na mwamuzi.

"Ona ajabu hii," alisema shemeji, uso wake uking'aa jinsi walimu wa hesabu wang'aavyo wakipata kitu kisicholingana. "Mzee Saa. Simuni 1180. Mezani 1740."

"Vidole vyangu vinene, mwanangu," Mzee Saa alimwambia Fundi. "Nagusa farasi, simu inasogeza malkia. Nimewapoteza malkia wengi kuliko miwani."

"Kinyozi. Simuni 2050. Mezani 1510."

"Simu hainitazami," alisema Kinyozi. "Mezani mtu yuko mbele yangu, anapumua. Nikiona nywele zimeshuka masikioni naanza kumnyoa kichwani mwangu. Nikija kushtuka, ngome imeliwa."

"Kwa hiyo hakuna kanuni?" aliuliza Fundi.

"Ipo, ila ina mashimo. Wa dakika tatu, kama huyu, nampunguzia mia tano. Wa dakika kumi, mia tatu. Wazee nawaongezea." Akaandika. "1912 kutoa 300 ni 1612. Tuweke 1600, tusionekane wenye tamaa."

Akatoa fomu. Ilikuwa ya mchezaji asiye na daraja. Nahodha anamkadiria daraja, mchezaji anacheza mechi tatu, kisha kamati inapima. Akionekana yuko chini ya makadirio kwa zaidi ya mia tatu, klabu inakatwa pointi na nahodha anaitwa kujieleza. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja wenye maandishi mazito: *Nathibitisha kwamba akaunti iliyotajwa hutumiwa na mchezaji huyu peke yake.*

Fundi aliusoma, akaurudia.

"Na ikitokea mtu... akacheza chini zaidi?" aliuliza.

"Kama yule wa mwaka jana," alisema Kinyozi kwa furaha ya msimuliaji. "Karani wa bima. Simuni alikuwa moto, mezani hajui hata farasi anapita wapi. Kumbe nyumbani kompyuta ilikuwa inamchezea. Nahodha wao alikuwa nesi wa watu, hakujua lolote. Kamati ikasema saini ni yako. Miaka miwili nje. Siku hizi Jumamosi anafua mapazia."

"Acha kumtisha mtu," alisema shemeji, na huku anasema kalamu yake ikashuka kwenye ule mstari mzito.

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Fundi alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, "Naomba maji." Mzee Saa akamletea kikombe, na alipomaliza kunywa saini ilikuwa imekauka.

Jumatano, chapa mbili zikiwa zimemiminwa, alimpigia mumewe. Upepo ulikuwa unapiga upande wa pili.

"Ameiona namba?"

"Ameiona."

"Ukamwambia ni yako?"

"Nikamwambia ni yangu."

Mumewe alicheka hadi akakohoa. "Basi chukua ile elfu moja ya chini. Hizo mia tisa za juu ni jasho langu."

"Sikutanii, Mpima. Amesaini. Ameandika kwamba naicheza peke yangu."

"Kwani wewe hujui kucheza? Nenda kacheze."

"Na kama namba ni yako?"

Upepo ulivuma kidogo. "Hapo," alisema mumewe, hacheki tena, "hata mimi sijui."

Afadhali angeendelea kucheka. Kwa miaka minne alimchukulia mumewe kuwa ndiye mwenye akili ya sataranji na yeye kuwa msaidizi wa mchana, na moyoni alitaraji amkatalie, aseme hapana, wewe ndiye. Hakusema.

"Basi mwambie," alisema mumewe.

"Atakuwa amesaini uongo."

"Basi usimwambie."

"Unasema lipi sasa?"

"Nasema lile litakalokupa usingizi."

Hakukuwa na lolote la namna hiyo. Alasiri ile Fundi akafanya alichoona ni cha busara: akafungua akaunti mpya, ya kwake tu, ajipime. Alicheza wakati wa plasta na wakati usio wa plasta. Alicheza akiwa amesimama, mgongo kwenye rafu, na kila aliposogeza kete alimwona nesi wa watu akisuuza mapazia. Alifungwa na mtu aliyejiita kwa jina la tunda. Alifungwa na mtu aliyeacha mchezo katikati, akarudi, akamfunga tena. Alhamisi jioni akaunti mpya ilikuwa imesimama kwenye 1340.

Ijumaa daktari wa meno aliingia na seti ya meno mkononi. "Fundi, hili jino la kushoto umeliweka kulia. Mgonjwa amefunga mdomo, ameng'ata shavu. Uko sawa wewe?"

"Nitalirekebisha leo hii, daktari."

"Sijauliza jino."

Akasema yuko sawa. Ilikuwa mara ya pili wiki ile kusema neno moja mahali palipohitaji mengi.

Jumamosi saa tatu asubuhi ukumbi wa maktaba ulikuwa na meza sita ndefu zilizotandikwa kitambaa cha kijani. Mlangoni walikusanya simu zote kwenye kikapu cha plastiki. Fundi alipoiachia yake alihisi kama ameacha macho. Kwa daraja la 1600 aliwekwa meza ya tatu. Shemeji, mwenye 1550, alikuwa meza ya nne, kiti cha jirani. Mpinzani wake alikuwa mkunga, mama wa makamo mwenye chupa kubwa ya chai na daraja la 1580.

"Hujambo, mwanangu. Mara ya kwanza?"

"Sijambo, mama. Ndiyo."

"Mimi huwaambia wote: pumua."

Mwamuzi, mwanamume mwembamba mwenye tai, akasema saa zianzishwe. Kila mchezaji alikuwa na dakika sitini. Usiku wa kuamkia siku ile shemeji alikuwa amemwandikia ujumbe: ukisogeza, bonyeza saa, ili yako isimame na ya mwenzako itembee. Fundi akasogeza, akabonyeza. Akasogeza, akabonyeza.

Lililomtia hofu zaidi lilikuwa jambo ambalo hakulitarajia: haoni. Simuni aliutazama ubao kutoka juu, kama mtu wa ghorofani anayetazama ua wa jirani. Hapa ubao ulilala na kete zilisimama, ndefu, zinafichana. Askofu wa mkunga alijibanza nyuma ya malkia kama mtoto nyuma ya pazia. Kwenye mwendo wa saba Fundi alikaribia kumpoteza farasi kwa askofu huyohuyo. Ndipo akafanya jambo lililomwaibisha hadi masikioni: akasimama. Akauinamia ubao, akautazama kutoka juu, na kila kitu kikarudi mahali pake.

"Unaumwa kiuno?" alinong'ona mkunga.

"Hapana, mama. Naona vizuri nikisimama."

"Simama tu. Wengi wangu hujifungua hivyohivyo."

Mwamuzi akaweka kidole mdomoni.

Mwendo wa kumi na nne aliona kitu. Askari wake wa pembeni akimsogeza hatua moja, njia ya ngome ingefunguka, na baada ya miendo mitano au sita mkunga angekuwa taabani. Alipiga hesabu mara tatu. Dakika zake ishirini na sita zilikuwa zimekwisha tumika. Akamsogeza askari, akaketi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akakunja mikono mapajani.

Hakubonyeza saa. Miaka minne simu ilikuwa imemfanyia kazi hiyo. Ukishusha kidole, saa inahamia kwa mwenzako yenyewe. Wasiwasi wa miendo ya kwanza ndio uliokuwa umemkumbusha, na sasa kwa dakika moja ya furaha wasiwasi ulikuwa umemwacha.

Mkunga aliitazama saa. Akamtazama Fundi. Akakunja naye mikono, akaushusha uso juu ya ubao, akatulia.

Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Mkunga hakusogeza chochote. Fundi akaanza kuogopa upya. Huyu mama ameona nini? Alipitia hesabu yake, akapata ileile. Akapitia tena, akaona shimo, akagundua si shimo. Mtu wa 1580 hakai robo saa nzima mbele ya mwendo mzuri. Anakaa hivyo mbele ya upuuzi, akichagua njia ya kuuadhibu. Hakuthubutu kuinua macho. Saa ilikuwa kushoto kwake, imegeuzwa kidogo, na alihisi kuitazama ni kumharakisha mtu mzima.

Pembeni yake shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye mchezo wake. Akaiona saa. Fundi alimsikia akivuta pumzi. Sheria inamkataza mwenzako wa klabu kusema, kukohoa kwa makusudi, hata kutazama kwa namna ya kusema. Shemeji aliinuka ghafla, kiti kikalia, akatoka nje ya ukumbi akiwa ameshika kichwa.

Basi, aliwaza Fundi. Ameona ninavyocheza. Amekwenda kuifikiria kamati.

Hapo tu ndipo alipogeuza macho, akitaka kujua muda gani shemeji angekuwa nje. Saa ilisoma: mkunga, dakika thelathini na nane. Yeye, tisa.

Mkono ulimtoka kabla ya akili, ukaigonga saa hadi ikayumba. Mkunga akasogeza mara moja, kama mtu aliyekuwa anangoja basi.

Kilichofuata Fundi hakukielewa vizuri hata baadaye. Dakika tisa zilikuwa muda anaoujua. Zilipungua moja tu kwa zile za plasta. Alisimama, akasogeza, akagonga, akasogeza, akagonga. Ngome ilipita kwenye ile njia. Malkia wa mkunga akaliwa, wake naye akaliwa. Mkunga alifungua chupa ya chai akasahau kumimina. Watu wa meza nyingine waliokwisha maliza walianza kusogea. Shemeji alirudi, akasimama mbali, ukutani. Askari wa Fundi, yuleyule wa pembeni, alikuwa anapanda mraba kwa mraba na hakuna wa kumzuia.

Sekunde kumi na tisa zilibaki alipomfikisha mwisho wa ubao. Askari akifika pale anageuka malkia. Fundi akamsukuma mraba wa mwisho, akaachia kidole, akamtazama.

Akaendelea kumtazama. Simuni malkia hutokea mwenyewe.

Mtu nyuma yake aliguna. Fundi akashtuka, akakumbuka kwamba ni yeye anayepaswa kumwondoa askari na kuweka malkia, akatafuta malkia wake aliyeliwa. Alikuwa upande wa pili, nyuma ya chupa ya chai. Alinyoosha mkono, akaangusha mfuniko, akamshika malkia, akamwinua, na saa ikalia.

"Muda," alisema mwamuzi. "Meza ya tatu, mkunga ameshinda."

Mkunga hakufurahi. Alimpa mkono, akausahau ndani ya mkono wa Fundi.

"Ile nusu saa," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuwa nafikiri kitu, mwanangu. Nilikuwa nahesabu miraba. Sheria hainilazimishi kukuambia, ila nilijua unaniogopa nami nikanyamaza. Pointi nimechukua, lakini heri ujue."

Fundi alimshukuru, akatoka. Shemeji alimfuata hadi kwenye ngazi za nje na simu ya Fundi mkononi, ameitoa kikapuni.

"Umeponzwa na saa, ubao ulikuwa wako," alisema haraka haraka, macho yanawaka. "Umeona alivyokuwa anatoka jasho? Hiyo 1600 yangu labda ni ndogo. Kamati wakiipima..."

"Shemeji, akaunti si yangu peke yangu."

Aliyasema akitazama ngazi. Akasema yote: kambi, jioni, mume aliyedai ameacha, Jumapili, maji aliyoomba badala ya kusema. Alipomaliza shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi, na simu ameiweka kando yake.

"Nimesaini," alisema.

"Najua."

"Miaka kumi na minne napeleka fomu kwenye meza ile. Hawajawahi kuisoma yangu mara mbili." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu na hakujua njia nyingine ya kuogopa, akatoa daftari. "Fungua orodha ya michezo. Mchana ni wewe?"

"Mchana mimi. Jioni yeye."

Walihesabu michezo mia moja ya mwisho, hamsini ya mchana na hamsini ya jioni, yeye akisoma na shemeji akichora vijiti kwenye safu mbili. Ilichukua robo saa. Fundi alisoma kila tokeo akijiandaa kusikia kwamba yeye ndiye mzigo.

Mchana, michezo ishirini na sita ya ushindi. Jioni, ishirini na mitano.

Shemeji alihesabu vijiti tena kwa ncha ya kalamu. "Mko sawa," alisema. "Mngecheza mbalimbali, kila mmoja angekuwa na 1900 yake. Kwa hiyo 1600 ni sahihi. Ungecheza zile mechi mbili na kamati isingeona kitu. Hakuna anayejua, shemeji. Kaka yuko porini."

Fundi alingoja nafuu. Ilikuja kidogo, ikapita. Alijiona mechi ijayo, na ile nyingine, ameketi mbele ya watu wazuri kama mkunga, na mstari mzito chini ya karatasi.

"Namba ni sahihi," alisema. "Mstari si sahihi."

Shemeji alifunga daftari. "Mtoto akiniletea jibu sahihi na njia ameinakili kwa jirani," alisema, "nampa sifuri. Wazazi hunijia juu kila muhula, na bado nampa sifuri." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningependa sana leo nisiwe mwalimu."

"Nitakwenda mimi kumwambia."

"Saini ni yangu."

"Neno lilikuwa langu."

Wakaenda wote wawili. Mwamuzi alikuwa anapanga karatasi za matokeo kwenye bahasha, na ukumbi ulikuwa bado na watu kumi hivi, wakikunja vitambaa vya kijani. Fundi alisema. Mwamuzi akatega sikio.

"Sijakusikia, mama."

Alisema tena, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitumia nje ya nyumba yake, na watu waliokuwa wanakunja vitambaa wakaacha. Kinyozi alisimama na askofu mkononi. Mkunga akaketi.

Mwamuzi alitafuta fomu, akaisoma hadi chini, akaiweka mezani. Alikwenda kupiga simu nyuma ya mlango wa kioo. Walimwona akizungumza, akitikisa kichwa, akiandika. Shemeji alikuwa amekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino, na Fundi, aliyejua sura hiyo kwa kazi yake, akavuta kiti akaketi karibu naye.

Mwamuzi alirudi. "Fomu imefutwa. Meza hiyo mlipoteza, kwa hiyo hakuna pointi ya kuwanyang'anya leo. Mama, ukitaka kuendelea utacheza meza ya mwisho bila makadirio, tutakupima kuanzia chini. Nahodha, kamati inakuita Alhamisi, saa tisa."

"Wanaweza kunifungia?"

"Wanaweza. Sitakudanganya. Umekuja mwenyewe, nitaliandika hilo. Zaidi ya hapo siwezi."

"Saa tisa nina kipindi," alisema shemeji, bila kujua anasema nini.

"Tafuta wa kukushikia."

Walitoka. Jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi, hakuna hata mmoja aliyewatazama. Shemeji alitembea hatua mbili mbele, akasimama, akangoja afikiwe.

"Alhamisi nitakuja," alisema Fundi.

"Hujaitwa."

"Najua."

"Watakuuliza maswali, shemeji. Ni watu watano, na yule mwenyekiti huuliza kwa ukali hata akitaka chumvi."

Fundi aliwaza chumba asichokijua, watu watano, macho kumi. "Nitaomba ruhusa kliniki," alisema. "Nitamimina chapa zote asubuhi."

Shemeji alitikisa kichwa, si kukataa. Wakasubiri magari yapite, kisha wakavuka.